Maradhi adimu ya figo: Asiyetambuliwa hahesabiwi

MTOTO wa Soin akipauka, akavimba miguu na kukojoa mkojo mchache wa rangi ya chai, ugonjwa wa kwanza kushukiwa ni malaria. Dhana hiyo ina msingi. Tofauti na nyanda za juu za Kericho zenye majani chai, Soin ni eneo la joto linalopakana na Kaunti ya Kisumu, na mbu si wageni huko.

Hata hivyo, dalili hizo hutokea pia katika maradhi adimu ya damu na figo yafahamikayo kama aHUS. Sehemu ya kinga ya mwili humgeuka mwenyewe, damu huganda katika mishipa midogo, chembechembe nyekundu hukatwakatwa na figo hulemewa.

Dawa ya eculizumab iliidhinishwa nchini Marekani na barani Ulaya mnamo 2011 kuyatibu. Majaribio makuu, yaliyochapishwa 2013, yalihusisha wagonjwa 37 pekee. Idadi hiyo ilitosha kuonyesha kuwa dawa inaokoa figo, lakini haingeweza kufichua madhara yanayompata mtu mmoja kati ya mamia, au yanayozuka baada ya miaka mingi.

Ndiyo maana sajili ya kimataifa ilianzishwa 2012 kufuatilia wagonjwa, wanaotumia dawa hiyo na wasioitumia. Hatari moja ilijulikana mapema: dawa huzima kinga dhidi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo, hivyo chanjo hutangulizwa.

Bei ya dawa hiyo, ambayo imefikia mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka, ni kizingiti kikubwa. Lakini kizingiti cha kwanza ni utambuzi. Asiyetambuliwa hasajiliwi, na asiyesajiliwa hahesabiwi.

Kenya haikosi uwezo. Watoto wa Kilifi walishiriki utafiti wa dawa ya selimundu, haidroksiyurea, uliohusisha mataifa manne ya Afrika. Ilihofiwa kuwa ingezidisha malaria. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha malaria ilipungua. Kericho yenyewe imekuwa kituo cha utafiti wa AFRICOS, ulioanza 2013 kufuatilia watu wenye virusi vya ukimwi kwa miaka mingi.

Hatua ya kwanza haihitaji mamilioni. Kipimo cha malaria kikikosa kuonyesha vimelea, damu ichunguzwe kwa hadubini na figo zipimwe. Kisha majina yaandikwe katika sajili ya taifa. Penye nia pana njia.