Nauli ya Kujificha

Leeds, Uingereza

Kwa ndugu zangu wa Kawangware na Kibera,

Naomba barua hii isomwe kwenye mkutano wa chama chetu kabla hatujafika kwa habari ya pesa.

Sisi wa huku tukipiga simu huuliza kuhusu ndugu mwenye HIV, "Anameza dawa?" Tukijibiwa anameza, tunahamia habari za shamba. Kweli, dawa zimebadilika. Walioanza matibabu zamani wanaikumbuka dawa ya stavudini ilivyowakausha mashavu na kuwachoma nyayo, hata mtu akatambulikana akiwa ng'ambo ya barabara. Leo kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake.

Lakini kuna mama wa Gatwekera, Kibera, anayechukua dawa zake kliniki ya Riruta upande wa Kawangware, na mwingine wa Gatina, Kawangware, anayekwenda hospitali ya Mbagathi upande wa Kibera. Wanapishana Ngong Road, kila mmoja akiwakimbia majirani zake! Siku ya kliniki, aliye mama fua hakai kando ya barabara Kileleshwa kungoja kazi ya kufua nguo. Kibarua kimekwenda na nauli imekwenda, ingawa dawa ni ya bure. Akifika nyumbani anavimimina vidonge kwenye gazeti, maana kopo hulia, na mabati hayasitiri siri.

Msidhani huku tumepona ugonjwa huo wa kujificha. England inatoa matibabu ya HIV bure tangu Oktoba 2012, hata kwa asiye na karatasi, na bado nawajua Wakenya wanaopanda treni hadi mji mwingine wasije wakakutana na mtu wa kanisani kwenye kliniki. Hofu tulisafiri nayo.

Tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, nasikia wengi wenye HIV sasa hawana tena kliniki yao, wanapanga foleni moja na wenye malaria na kikohozi. Wengine wanalia, na wana haki: muuguzi aliyekujua kwa miaka si kitu cha kupoteza. Mimi naliona jema moja, kwamba katika foleni ya wote hakuna anayejua umefuata nini. Mradi faili zisitofautishwe.

Sheria haijalala. Mwaka 2004 makao ya watoto ya Nyumbani, wale wa mradi wa Lea Toto, walikwenda mahakamani ndipo watoto wenye virusi wakapokelewa katika shule za serikali. Sheria ya HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya hali yake. Wenye ploti za kupangisha wamo humo chamani, nawajua, na salamu zangu ziwafikie.

Sasa pesa ya kuwasaidia. Isinunue yale makopo ya "kusafisha damu" yanayouzwa stejini. Iende kwa nauli, unga na kodi, na kwa siku ya kliniki mtu alipwe kibarua alichokosa. Nitatuma Ijumaa kwa M-Pesa. Mweka hazina aandike kiasi tu daftarini. Jina la mtu asiandike.

Ndugu yenu wa Leeds