Nani Kafunga?

Yanga kafungwa. Yanga kalala. Yanga kachapwa nyumbani. Tangu Novemba 7, 2024, siku Tabora United walipowakung'uta Yanga mabao 3-1 kule Chamazi, Dar es Salaam, mie nimesikia kila namna ya kulisema jambo hilo, na karibu zote zinaanzia kwa Yanga. Mwalimu mmoja wa Kiswahili hapa kwetu Cheyo, mtu anayependa ubishi kuliko ugali, ndiye aliyenishtua. "Hiyo ni kauli ya kutendwa," alisema. "Mtendwa tunamjua. Sasa nani kafunga?"

Swali lenyewe linaonekana dogo. Lakini nawaambieni, limetugombanisha watu wa mtaa mmoja, tunaoazimana hadi chumvi.

Kibanda umiza chetu kina mabenchi sita, luninga moja ya bapa na king'amuzi ambacho mwenyewe hukipangusa vumbi kwa kanga ya mkewe kabla ya kila mechi. Kiingilio mia tano. Siku ile kilifurika, na nusu ya watu walivaa kijani na njano. Msishangae. Tabora nayo imegawanyika Simba na Yanga kama Tanzania nzima. Mie mwenyewe ni Yanga wa kurithi. Marehemu mzee wangu alikuwa akikumbatia redio yake mchana kutwa ili amsikie Ahmed Jongo au Charles Hilary akitangaza mpira kupitia RTD, na akishakaa hapo hata mgeni hakaribishwi maji. Mkoa ulikuwa na Milambo yake, nayo tuliipenda, lakini tuliipenda kama mtu anavyompenda mjomba wa mbali. Penzi la kukosesha usingizi lilikuwa Dar.

Na hesabu za siku ile zilikuwa wazi. Yanga walikuwa wameshinda mechi zao nane za mwanzo wa ligi bila kuruhusu hata bao moja. Novemba 2 Azam wakawafunga 1-0, Ibrahim Bacca akala kadi nyekundu, kwa hiyo dhidi yetu hakuwepo. Basi watu wakajua hasira zote zinamwagwa kwetu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameweka mkeka, Yanga ashinde, tena akatamba kwamba hiyo ni hela ya mboga ambayo iko tayari mfukoni.

Sasa hapa pana jambo la luninga ambalo lazima niwaeleze. Picha ya dishi inapandishwa hadi kwenye setilaiti iliyo juu kama kilomita 36,000, inashuka tena, na kote inakopita mitambo inaifunga na kuifungua kama mzigo wa posta. Ndiyo maana mara nyingi redio huwahi. Mlinzi wa duka la jirani alikuwa na kiredio chake sikioni, na kwenye mojawapo ya mabao ya Offen Chikola (alifunga mawili siku ile) akapiga kelele: "Gooo!" Basi. Hakusema la nani.

Ndugu msomaji, zile sekunde chache acha tu. Kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja, watu wanakimbia kama hawana habari, na sisi tunajua kwamba limeshaingia, ila hatujui lango gani. Kibanda kikawa kimya. Mie nikajisikia moyoni nikiomba, na kilichonitoa jasho ni kwamba sikuwa naomba la Yanga. Mzee wangu anisamehe huko aliko. Mpira ulipotikisa nyavu za Yanga nilikuwa tayari nimesimama juu ya benchi.

Baada ya filimbi ndipo vita vikaanza. Fundi cherehani, Yanga wa kufa na kuzikwa, akasema Tabora haikushinda, Yanga ndiyo imejifunga: Bacca hayupo, wachezaji wamechoka, kocha kaishiwa. Mwalimu akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Umeona wewe mwenyewe! Sisi tumefunga matatu, kamera inakwenda kumtazama shabiki wa Yanga anavyolia. Hata furaha yetu tunaoneshwa kupitia machozi ya mwenzetu!"

Mie hapo sikukubaliana naye mia kwa mia. Kamera inakwenda waliko watu, na Chamazi siku ile jukwaa lilikuwa la nani? Wetu tulikuwa Cheyo, kilomita zaidi ya 800 kwa njia ya reli, tumebanana kwenye mabenchi sita. Hakuna aliyetuletea kamera. Lakini kwenye maneno mwalimu ana haki. Mtu akifungwa matatu, kuna aliyefunga matatu, na aliyefunga ana jina, ana mama yake, ana mji.

Na mji huu ulilipia hayo mabao kwa aibu kwanza. Mmesahau Agosti 2023? Timu ikiitwa bado Kitayosce, mechi yake ya kwanza kabisa Ligi Kuu, uwanja huohuo wa Chamazi dhidi ya Azam, iliingia na wachezaji 8 tu kwa matatizo ya usajili. Ikapigwa nne chapuchapu, wawili wakatoka, wakabaki sita, na sheria inataka wasipungue saba. Mwamuzi akamaliza mpira hata nusu saa haijafika. Mwenye kibanda aliulizwa kama anarudisha kiingilio, naye akajibu kwamba yeye anauza umeme, hauzi dakika. Siku ile luninga ilitutaja sana, maana kichekesho hakina ubaguzi.

Kwa hiyo ile 3-1 kwenye uwanja uleule haikuwa bahati ya mtende kwetu. Mzee mmoja muuza asali akakumbushia utani wetu na Wazaramo, ule uliozaliwa zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo. "Zamani tulikwenda pwani na mzigo tukarudi mikono mitupu," alisema. "Safari hii tumekwenda mikono mitupu, mzigo tumeurudisha." Kibanda kizima kikalia kwa kicheko, isipokuwa kijana wa bodaboda, ambaye mkeka wake ulishachanika vipande vipande.

Novemba 15 Yanga wakaachana na kocha wao, Miguel Gamondi. Vijiweni Cheyo watu wakatembea vifua mbele: tumemfukuzisha mtu kazi! Redioni na luningani mjadala ukawa nani anakuja Jangwani, kana kwamba Gamondi aling'olewa na upepo. Yaliyofuata nayapitia harakaharaka kwa sababu yananiuma. Aprili 2025 Yanga wakaja hapa hapa Ali Hassan Mwinyi, wakatulipa 3-0, na mwisho wa msimu wakabeba ubingwa wao. Kisha Chikola huyohuyo akasajiliwa Yanga. Fundi cherehani alinitumia ujumbe wa simu wenye neno moja: "Asanteni."

Halafu mwaka huohuo timu ikabadilishwa jina, ikawa TRA United. Wako waliofurahi, na wana hoja: timu isiyo na mwenye fedha ndiyo ile iliyoingia uwanjani na watu wanane. Mwenye kulea ana haki ya kumpa mtoto jina. Wengine wakafanya utani, ati sasa tukifunga bao tudai risiti. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amepigania kwamba tutajwe mwanzo wa sentensi, sasa hata mwisho wa sentensi hatumo.

Mama anayeuza karanga mlangoni aliniuliza swali ambalo sina jibu lake hadi leo. Mwanawe anafanya kazi Kariakoo. Zamani mtangazaji akisema "Tabora", kijana alikuwa akimpigia simu mamaye hata kama hana salio la kutosha, wanaongea nusu dakika inakatika. "Sasa hivi," akaniuliza, "atajuaje kama ni sisi?"

Mashabiki wa kibandani wamejitafutia dawa yao. Mtangazaji akisema "TRA United", mmoja wa benchi la mbele anauliza kwa sauti: "Ya wapi?" Na wote, fundi cherehani akiwemo, wanaijibu luninga: "Tabora!"