Ndoo Huhesabiwa, Chungu Hakihesabiwi

Washairi wa mwambao hatuna uchoyo wa kumsifu mama. Tumemwita lulu, johari, taa ya nyumba. Beti zetu zimejaa asumini na udi. Saa anazosimama jikoni hatujazihesabu. Aliyekaribia kuzitaja kazi zenyewe moja moja ni Mwana Kupona, mwaka 1858, naye alizitaja kuwa ni wasia kwa binti yake, si deni analodai. Nathubutu kusema kuwa sifa zetu, pamoja na utamu wake, zimekuwa njia ya kulipa deni kwa maneno matupu.

Wachumi nao si waadilifu kutushinda. Mwingereza Arthur Pigou aliliona tatizo mwaka 1920: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa hupungua, ilhali sakafu ni ile ile na mwenye kuifagia ni yule yule. Marilyn Waring wa New Zealand aliliandikia kitabu kizima mwaka 1988. Kisha zikaja kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1993. Hizo zinakubali kuwa maji yaliyochotwa kisimani kwa matumizi ya nyumbani ni uzalishaji, na kuni kadhalika. Kupika wali kwa maji hayo na kuni hizo kumeachwa nje, na mapitio ya mwaka 2025 hayakuuvunja mpaka huo. Kwa hivyo mwanamke wa Makunduchi huonekana na wachumi akiwa njiani, ndoo kichwani. Akishaingia ndani, hatoonekana tena. Wali huo huo akiupeleka Darajani kuuza, ghafla amekuwa mzalishaji!

Si jambo dogo linalofichwa hapo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa katika nchi 64 kazi hizi hula saa bilioni 16.4 kila siku, sawa na watu bilioni 2 wafanyao kazi saa 8 bila ya ujira. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Nitajibiwa kuwa haya ni mapenzi, na mapenzi hayana bei. Je, daktari anayewapenda wagonjwa wake anyimwe mshahara? Wengine watashika dini, na hao ndio wanaonistaajabisha zaidi. Aya ya 6 ya Suratit-Talaq inaamuru kwamba mama aliyeachwa, akimnyonyesha mtoto, apewe ujira wake. Na kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, haimwajibishi mke kupika wala kufua. Anayefanya amefanya ihsani. Sisi tumeigeuza ihsani hiyo kuwa kodi, tena tunanuna chai ikichelewa.

Uzito wa hesabu hii hujulikana siku ya talaka. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ikiifasiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Lakini sheria hiyo ni ya Bara, Visiwani haitumiki. Kenya iliziandika kazi za nyumbani na malezi ndani ya sheria yake ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, na hata huko Mahakama ya Juu ilisema, Januari 2023, kuwa nusu kwa nusu haiji yenyewe: kila mmoja athibitishe alichochangia.

Athibitishe kwa nini? Mume atakuja na stakabadhi za saruji na mabati. Mke aliyepika, akafua, akalea na akauguza miaka 20 hana karatasi hata moja, kwa kuwa hapana aliyewahi kuipima kazi yake. Ndiyo maana nasema saa hizo zipimwe, zitiwe thamani, na ziandikwe katika hesabu za nchi ambamo hakimu na kadhi wataweza kuzisoma. Au tumwambie awapelekee beti zetu?