Waliopewa Maji ya Ngarambe Hawakuwa Wajinga

Kuna hoja moja imekuwa kama chapati ya jana, kila kijiwe kinaipasha moto upya. Mmoja anasema Mungu yupo, mwenzake anacheka, halafu Kinjikitile anavutwa kaburini aje kutoa ushahidi. "Si mnaona? Babu zetu waliamini maji, risasi zikawamaliza. Imani ni ujinga, basi." Soda zinafunguliwa, mjadala umekwisha.

Ndugu zangu, haujakwisha. Haujaanza.

Wengi wetu tunamjua mtu huyu kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, ambayo tuliisoma kwa sababu ya mtihani. Wengine hata hatukuisoma, tulikariri notisi za mwalimu. Lakini mtu mwenyewe alikuwepo. Aliitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, Rufiji. Wazee walisimulia kuwa mwaka 1904 pepo aitwaye Hongo alimchukua akazama mtoni, kesho yake akatoka nguo kavu. Watu wakaanza kumiminika kwake kutoka Umatumbi na kwingineko. Wala jambo hili halikuanguka kutoka mbinguni ghafla. Hongo alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, na kwa Bokero, huko huko Mto Rufiji, watu walikuwa wakienda tangu zamani kuomba mvua na mavuno.

Sasa wewe mcheka watu, jiweke kwenye miguu ya mkulima wa Kimatumbi mwaka 1905. Unalimishwa pamba kwa nguvu kwenye shamba la pamoja, mpango ulioanza mwaka 1902 wakati wa Gavana Götzen. Ukichelewa, kiboko. Shamba lako mwenyewe nguruwe wanalimaliza kwa sababu hupo kulilinda. Bunduki uliyoizoea ni gobori, linashindiliwa baruti mdomoni, na baruti ikilowa hailipuki. (Hili la baruti ni wazo langu, msimtwishe mwanahistoria yeyote.) Anakuja mtu mwenye heshima, ana mahali panapojulikana kwa ibada, ana mashahidi, anasema kuna maji yatakayoshinda bunduki. Anasema pia kwamba Mmatumbi, Mngindo na Mpogoro ni watu wamoja. Utamjibu nini? Utamwambia asubiri maabara?

Sisemi maji yalifanya kazi. Hayakufanya. Nasema mtu anaweza kuamini jambo la uongo akiwa na sababu nzuri, na mwingine akaamini jambo la kweli bila sababu yoyote. Wa kwanza ametumia akili. Wa pili kabahatisha tu, kama mcheza karata.

Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli aliyejua chombo chake kimechoka, akajipoza moyo kwamba Mungu atawalinda abiria, akakiruhusu kiondoke. Clifford alisema mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika salama, kwa maana hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Hilo linaeleweka vizuri kuliko popote pale Nyamisati, mtu akitazama mashua inayojazwa kwenda Mafia. Nahodha anayesema "Mungu yupo" baada ya kuziba nyufa si sawa na nahodha anayesema "Mungu yupo" ili asizibe. Maneno ni yale yale, imani si ile ile. Na nahodha asiyeamini Mungu kabisa, lakini anaamini mashua yake ni nzima kwa kuwa jana haikuzama, naye tumweke wapi?

Kwa hiyo ukitaka kujua kama watu wa Majimaji walikuwa na akili, usiulize waliamini nini. Uliza walifanya nini maji yaliposhindwa.

Hapa pana mambo mawili, na la kwanza halipendezi. Dawa ilikuwa na miiko yake: usilale na mke, usipore. Mtu akipigwa risasi, jibu lilikuwa tayari, amevunja mwiko. Jibu la namna hiyo ndilo ninalolipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu halishindwi kamwe. Akipona, maji. Akifa, mwiko. Hapo imani imejifungia ndani na kumeza ufunguo. Na tusijifanye hatulijui, tumelisikia makanisani na misikitini: umeombewa hukupona, basi imani yako ndogo. Mgonjwa anabebeshwa ugonjwa, halafu anabebeshwa na hatia.

La pili halisemwi vijiweni. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliivamia boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Watu wakaona. Wangoni, baada ya kipigo cha Oktoba mwaka huo huo, walisema wazi kwamba maji ni uongo. Halafu je, walikwenda kupiga magoti kwa Mjerumani? Wapo walioingia porini wakapigana vita vya kuvizia bila maji, na kwengineko mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907. Walijaribu jambo, likashindwa, wakaliacha, wakabaki na sababu ya vita. Nionyeshe profesa anayeacha nadharia yake kwa haraka kama ile.

Na walioshinda? Mikanda ya wanajeshi wa Prussia iliandikwa maneno ya kwamba Mungu yu pamoja nao. Kama kushindwa kwa maji kunathibitisha Hongo hayupo, ushindi wa rashasha unathibitisha Mungu wa mkanda yupo? Hakuna kati yenu atakayekubali. Bunduki ilithibitisha bunduki. Waliokufa, Wajerumani wenyewe walikadiria 75,000, na wanahistoria wengine wanafika 250,000 hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Njaa ile haikutoka kwenye imani ya mtu. Ilitoka kwenye amri.

Sasa nigeuke upande wangu, maana mimi ni mtu wa kuswali na najua wenzangu wameanza kutabasamu. Msitabasamu. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakaondoka na maji, Muhoro ikiwemo, mji ule ule ambao Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Wapo wakazi waliosema ni maji ya Bwawa la Julius Nyerere. Serikali ikasema ni mvua za El Niño, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Huo ni ubishi wa kweli, wenye vipimo: maji kiasi gani yalifunguliwa, lini, nani aliambiwa. Kisha akaja mtu wetu na ile "ni kazi ya Mungu," na ubishi ukafa. Huyo hakumtukuza Mungu. Amemfanya Mungu karani wa kufunga faili. Na yule aliyeapa ni bwawa bila kuuliza kipimo hata kimoja, asijione msomi, naye ameswali kwa namna yake.

Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye masheikh wetu wanamtaja kwa heshima, aliandika mwenyewe kwamba kwa karibu miezi miwili hakuweza kuamini macho yake wala akili yake. Hakuficha. Alisema alitoka humo kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Unaweza kuikataa nuru hiyo, mimi sitakugombeza, hakuna aliyeiona isipokuwa yeye. Lakini mtu yule alikuwa tayari kupoteza. Wangapi kati yetu tuko tayari, tunaoamini na msioamini?

Wenye kijiwe, natupa kete. Toleo lijalo mmoja wenu aandike ukurasa mmoja tu: ni jambo gani, likitokea kesho asubuhi, litamfanya aseme Mungu yupo? Nami nitaandika la kwangu la upande wa pili. Atakayejibu "hakuna" asilete, mhariri hana karatasi za kuchezea.