Tarakilishi Isituteulie Timu

Mhariri, naomba nafasi katika jarida la chama chetu nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo limezungumzwa sana hapa shuleni muhula huu. Wenzetu wa chama cha tarakilishi (najua wengi mnasema kompyuta, lakini walimu wa lugha wananitazama) wanapendekeza ati timu yetu ya mpira wa vikapu iteuliwe na mashine. Wamevutiwa na jinsi Wamarekani wanavyotabiri drafti. Mimi napinga.

Kwanza tuelewane. Drafti ninayoizungumzia si ile ya vizibo vya soda inayochezwa vibarazani kule Bondeni. Ni siku ambayo timu za kulipwa za Marekani huchagua wachezaji wachanga kwa zamu, na aghalabu timu zilizofanya vibaya ndizo huanza. Katika besiboli, mchezo ule wa gongo, desturi hii ilianza mwaka 1965 na siku hizi ina raundi 20. Mashabiki hawangoji siku ifike. Wanaiambia tarakilishi: timu ya kwanza, uwezekano wa kumchukua huyu ni asilimia 40, yule 25, na kadhalika. Mashine inarusha dadu yake, inachagua, inamtoa aliyechaguliwa, inakwenda kwa timu ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha inaanza upya. Mara elfu kumi! Mwishowe inahesabu. Ikiwa kijana fulani alichukuliwa miongoni mwa kumi wa kwanza mara 7,300, basi ana asilimia 73. Ni hesabu ileile ya uwezekano tunayosoma kidato cha tatu, ila mashine haichoki wala haiombi ruhusa ya kwenda msalani.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni huu: zile asilimia 40 zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu waliokwenda uwanjani na kalamu, wakaandika nani alipiga, nani alikosa, nani alikimbia kwa sekunde ngapi. Asiyeandikwa hana hata nusu asilimia. Mashine ikiigiza mara elfu kumi, yeye hayumo mara zote elfu kumi.

Hata Marekani kwenyewe, wenye madaftari chungu nzima, mambo huwaponyoka. Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, akiwa mtu wa 1,390. Alichukuliwa kwa sababu Tommy Lasorda, meneja wa timu ya Dodgers, alikuwa rafiki wa baba yake. Mwaka 2016 Piazza huyo huyo aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli. Je, sisi ambao hatuna madaftari?

Tazameni jirani zetu Uganda. Dennis Kasumba ni mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Alijulikana kwa video zake za mazoezi makali, anafanya mazoezi na matairi ya gari kuukuu, na mwaka 2023 akafika Marekani kuchezea Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa. Hakuchaguliwa, lakini kilichomfikisha pale ni macho ya watu. Takwimu zake nani angalikuwa nazo?

Khaman Maluach naye alizaliwa Sudan Kusini akalelewa Kawempe, Uganda. Mpira wa vikapu alianza mwaka 2019 tu, baada ya mtu wa bodaboda kuona urefu wake na kumshauri aujaribu. Jamani, mtu wa bodaboda! Baadaye alisoma na kucheza Senegal, akachezea nchi yake katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kisha Chuo Kikuu cha Duke. Tarehe 25 Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika drafti ya NBA, na akaishia Phoenix Suns. Kufikia siku hiyo watabiri walikuwa naye katika hesabu zao, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuandikwa. Mwaka 2019 je?

Mtu ataniambia wakimbiaji wetu wa Bonde la Ufa hawakungoja takwimu. Kweli, lakini mkimbiaji ana bahati yake. Saa ya kupimia ikisema dakika kadhaa hapa, ni dakika hizo hizo Japani. Ndiyo maana Samuel Wanjiru wa Nyahururu, hapo jirani tu, alichukuliwa na shule ya Sendai Ikuei huko Japani mwaka 2002 akiwa na miaka 15, na mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing. Mchezaji wa vikapu hapimwi na saa.

Sasa turudi nyumbani. Hoja kubwa ya wenzetu ni kwamba mashine haina mtoto wa shangazi. Hapo wana haki, nami sitajifanya sijui malalamiko yanayosikika kila timu ikibandikwa ukutani. Lakini hebu tuulize mashine ililishwa nini. Ililishwa daftari la mazoezi ya jioni. Na sisi ni shule ya kutwa! Anayekaa karibu anabaki mpaka saa kumi na mbili. Anayetembea hadi Rhonda au anayengoja matatu ya Njoro ameshaondoka, na msichana anayetarajiwa nyumbani kupika hata viatu vya mchezo havai. Wote hao hucheza saa ya chakula cha mchana, na wengine hucheza vizuri ajabu, lakini hakuna anayeandika. Kwa hivyo upendeleo haukutoka. Umeingia daftarini, na mashine itaurudia mara elfu kumi bila haya.

Basi mwaka huu timu iteuliwe na mwalimu wa michezo akiwa na wanafunzi wawili wa kila kidato, baada ya kutazama mechi za mchana kwa wiki tatu. Wakati huo huo tuanze kuandika kila mechi: mipira iliyoingia, iliyokosa, iliyoporwa, dakika alizocheza kila mtu. Mwakani wenzetu wa tarakilishi waje na programu yao tuilinganishe na macho yetu. Mimi na mwenzangu wa kidato cha pili tumejitolea kuandika mechi za Jumatatu na Jumatano, za wavulana na za wasichana. Bado tunatafuta wawili wa Ijumaa.