Majivu ya miwa si uchafu, jamani!

Wadau, juzi nilimpelekea mhariri mmoja wazo la kuandika kuhusu majivu ya miwa kupunguza matumizi ya simenti. Akacheka. Akasema majivu si habari, labda yamuunguze mtu. Haya, nayamwaga hapa kibarazani kwangu, maana hapa hakuna wa kunikata.

Hivi mkoa wetu wa Morogoro una viwanda vikubwa vingapi vya sukari? Kilombero, Mtibwa, na mwaka 2024 Rais Samia akazindua Mkulazi pale Mbigiri, Kilosa. Ukikamua tani moja ya miwa, karibu theluthi inabaki makapi. Makapi yanachomwa kwenye boila kutoa mvuke na umeme, kinachobaki ni majivu. Hayo majivu tunayaita takataka.

Sasa sikilizeni. Simenti ikikutana na maji, pamoja na ile gundi inayoshika mchanga, inazaa pia chokaa isiyo na nguvu ya maana. Majivu ya miwa yaliyoungua sawasawa yana silika. Yakisagwa laini, silika inaidaka ile chokaa na kutengeneza gundi nyingine. Si uchawi wala si jambo jipya. Warumi walifanya hivyo kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli miaka 2000 iliyopita, na kiwanda cha simenti cha Mbeya kinatumia mawe ya volkano kwa kazi hiyohiyo.

Najua kuna watakaopiga kelele kwamba huko ni kuchakachua. Ndugu yangu, geuza mfuko wa simenti ulio nao stoo usome. Ukikuta CEM II, maana yake asilimia 6 hadi 35 ya kilichomo si ile klinka iliyochomwa kwenye tanuru la nyuzi joto 1,450. Ni chokaa ya mawe, mawe ya volkano au kitu kingine cha kuchanganya. Kumbe kiwanda kikichanganya ni teknolojia, Mswahili akichanganya ni wizi?

Uchakachuaji wenyewe mnaujua. Pandeni Kinole au Mgeta. Mfuko ukifika huko umelipiwa lori, ukalipiwa bodaboda, pengine ukamalizia safari kichwani mwa mtu. Mwenye nyumba hana hela ya mfuko wa pili, basi saidia fundi anaambiwa aongeze toroli la mchanga, na jingine. Lipu inayotoka hapo unaichokonoa kwa msumari inamwagika kama unga. Mwishoni mwa 2020 bei ilipopaa hadi Waziri Mkuu Majaliwa akaingilia kati, mnadhani watu wa milimani waliacha kujenga? Waliongeza mchanga tu.

Sijasema mkachote jivu la jikoni! Jivu jeusi limejaa mkaa, linakunywa maji na kudhoofisha mchanganyiko. La kiwandani nalo lichekechwe, lisagwe, lipimwe. Majaribio mengi duniani yanaonyesha kiasi cha asilimia 10 hadi 20 badala ya simenti kinafaa, ila ugumu unachelewa, kwa hiyo ukuta umwagiliwe siku nyingi zaidi. Tuanze na lipu na kujengea tofali. Nguzo na mikanda tuziache mpaka maabara iseme.

Tatizo ni kwamba hakuna anayesukuma. TBS watoe kiwango cha majivu haya kama walivyofanya kwa simenti. Viwanda vifungue geti. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kila siku tunaimbiwa kuku na bodaboda. Kikundi kimoja tu cha vijana pale Turiani kikopeshwe mashine ya kusagia na ungo, tuone.

Mwenye hesabu ya nauli ya lori kutoka Mtibwa hadi Moro mjini anitumie. Hapo ndipo watakaponibana.