Mamba tumewaona, sasa tupime ukuta

Ukipita Mombasa wakati wa safari za shule utayaona mabasi ya manjano yamejipanga karibu na Fort Jesus kama matatu kwenye steji. Watoto wanashuka, wanahesabiwa, wanaingia, wanaambiwa ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wanapigwa picha kando ya mizinga, wanatoka, wananunuliwa soda, kisha haooo, wanapelekwa kuona mamba. Jumatatu mwalimu wa Kiswahili anawapa insha: "Safari yangu ya Mombasa". Mwalimu wa hesabu hahusiki kabisa. Pengine hata nafasi kwenye basi hakupewa.

Mimi nasema huyo mwalimu wa hesabu ndiye angekaa kiti cha mbele, karibu na dereva, na safari nzima iwe yake.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuchukue mtihani wa darasani tukaufanyie chini ya mwembe. Nasema watoto wagawanywe katika vikundi vya wanne wanne, kila kikundi kipewe swali ambalo jibu lake halimo kitabuni, na vifaa vichache vya kulitafutia. Huu ukuta una urefu gani kwenda juu? Basi letu linakwenda kasi gani? Wale watu wanaosubiri feri ni wangapi? Hakuna ukurasa wa mwisho wa kuchungulia majibu. Kuna dunia tu, na dunia haina haraka ya kukujibu.

Wazo lenyewe si jipya wala si langu. Miaka ya 1980 kule Melbourne, Australia, waalimu walitengeneza njia ya kutembea mjini yenye maswali ya hesabu kwenye majengo na vitu vya barabarani, na familia zikawa zinaifuata kwa miguu. Baadaye watu wa chuo kikuu cha Goethe, Frankfurt, wakaanzisha mradi wa MathCityMap mwaka 2012: mwalimu anaweka maswali kwenye ramani, wanafunzi wanaongozwa na GPS ya simu mpaka mahali penyewe, wanapima, wanaandika jibu, programu inawaambia kama wamepata. Wakikwama wanaomba kidokezo.

Sasa hapa ndipo mimi kama mtengenezaji wa programu nilipotabasamu. Katika maswali ya kupima, ile programu haitaki namba moja tu kamili. Inakubali majibu yaliyo ndani ya masafa fulani, kwa sababu aliyeitengeneza alijua kwamba watu wawili wakipima kitu kimoja hawapati kitu kimoja. Jambo dogo, lakini fikiria. Mtoto wetu anasoma hesabu miaka tisa, kumi, akiamini kwamba jibu ni 12.5 au ni makosa. Halafu anaajiriwa, anakuta kazi yote ya dunia ni "karibu 12, lakini inategemea umepima vipi". Mimi nilimaliza digrii ya sayansi ya tarakilishi kabla mtu yeyote hajaniuliza kwa dhati: jibu lako unaliamini kiasi gani?

Nilialikwa na shule moja (siitaji jina, hawakuniomba matangazo) niende na darasa la Gredi ya 8 kutoka Nairobi hadi Mombasa. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa ameandaa maswali, akataka mtu wa teknolojia wa kumsaidia. Nilidhani nitaulizwa habari za simu na kompyuta. Wapi! Niliishia kushika uzi.

Swali la kwanza lilianza hata kabla ya Mtito Andei. Barabarani kuna alama za kilomita. Pima sekunde kutoka alama moja hadi nyingine, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, unapata kasi kwa saa. Sekunde 45 ni kilomita 80 kwa saa, na 80 ndio kikomo cha magari ya abiria tangu zile sheria za Michuki za mwaka 2004. Watoto waligundua jambo hilo wenyewe baada ya alama ya pili. Kuanzia hapo kila kilomita ilipigiwa kelele: "Arobaini na saba!" "Arobaini na sita!" Ilipofika arobaini na tatu basi zima lilimgeukia dereva. Maskini, aliendesha kama mchungaji mpaka Mariakani.

Pale Fort Jesus mambo yakawa magumu. Kila kikundi kilikuwa na protrakta iliyofungwa mrija, uzi na nati ya chuma inayoning'inia, yaani kifaa cha kupimia pembe. Unatazama juu ya ukuta kupitia mrija, uzi unakuonyesha pembe. Halafu unachora kwenye karatasi ya grafu, sentimita moja kwa mita moja, unasoma urefu. Rahisi? Ukuta wenyewe umeinama kidogo, umesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na chini yake huwezi kufika ili upime umbali wako. Ilibidi kupima pembe mahali pawili, rudi nyuma mita kumi, pima tena. Kikundi kimoja kilitaka kutumia kivuli kama walivyofundishwa darasani, lakini ilikuwa karibu saa sita. Pwani yetu saa sita kivuli kinajificha chini ya miguu! Kitabu kilichowafundisha hakikutaja saa.

Vikundi vinne, majibu manne. Kati ya dogo na kubwa kulikuwa na tofauti ya zaidi ya mita tatu. Mwalimu hakusema nani amepata. Alisema tu: elezaneni. Nusu saa ya mabishano ikafuata, na hiyo nusu saa naipa thamani kuliko muhula mzima. Kundi moja lilisahau kuongeza kimo cha macho ya mpimaji. Jingine lilianza kuhesabu kutoka kwenye mwamba, si kwenye mawe yaliyojengwa. Kwani ukuta unaanzia wapi? Hilo si swali la hesabu tena, ni swali la kukubaliana maana. Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba nusu ya hitilafu zetu zinatoka hapo hapo: wawili wanatumia neno moja kwa maana mbili.

Lakini wacha niseme pia kilichonikera, maana safari kama hii inaweza kuharibika vizuri kabisa. Vikundi vikiachwa vijigawie kazi, najua kitakachotokea. Mvulana mwenye sauti kubwa anashika kifaa, mwingine anashika kikokotoo, na msichana mwenye mwandiko mzuri anakuwa mwandishi. Swali la kwanza, mwandishi. La pili, mwandishi. Mmoja nilimuuliza anaonaje, akanijibu, "Mimi si mtu wa hesabu, naandika tu." Gredi ya 8! Miaka kumi na tatu, na ameshatoa hukumu ya maisha yake.

Mwalimu alikuwa ameliona. Kutoka swali la tatu kazi zikazunguka kwa lazima: mpimaji, mkokotoaji, mwandishi, na kazi ya nne ambayo ndiyo niliipenda zaidi, mpinzani. Mpinzani haruhusiwi kupima wala kukokotoa. Kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" mpaka aridhike, na jibu haliandikwi bila sahihi yake. Katika kazi yetu programu haiingii kwenye seva kabla mwenzako hajaisoma na kuikosoa. Hiyo ndiyo kazi waliyopewa watoto. Yule msichana alikuwa mpinzani pale Likoni, na aliwatesa wenzake.

Likoni swali lilikuwa hili: watu wanaosubiri feri ni wangapi? Huwezi kuwahesabu mmoja mmoja, wanasogea. (Na kamera wekeni mfukoni, walinzi wa pale hawana mchezo. Mwalimu alizungumza nao kwanza.) Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni fupi sana ya foleni: idadi ya waliomo ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wakiingia watu 60 kwa dakika, na kila mmoja akisubiri dakika 20, basi ndani wamo 1,200. Basi. Kanuni hiyo hiyo tunaitumia kujua seva itazidiwa lini. Wawili wanasimama mlangoni na saa, wawili wanamfuata kwa macho mama mwenye kikapu chekundu tangu aingie hadi apande.

Walipata namba, wakafurahi. Mpinzani akauliza: "Huyo mama mmoja anawakilisha watu wote? Kama alikuja feri ikiwa karibu kuondoka?" Kimya. Wakarudi kuwafuata watu wengine tisa kwa macho. Hakuna aliyewatuma. Hapo ndipo ninapomaliza ubishi na wale wanaoniambia safari ni starehe tu.

Najua watakaosema hela ziko wapi. Ni kweli, Mombasa ni ghali, na kuna wazazi ambao karatasi ya safari ikifika nyumbani wanaificha chini ya sahani. Basi nendeni sokoni kwa miguu. Chukueni gorogoro. Kila mtu anaijua, kopo la kupimia mahindi, kilo mbili wanasema. Pimeni kipenyo, pimeni kina, tafuteni ujazo kwa ile kanuni ya mcheduara. Halafu ijazeni maji, mmimine kwenye chupa ya lita iliyo na alama, mlinganishe. Kama kitako kimegongwa kuingia ndani, na wengi tunajua vitako vya namna hiyo, kanuni itawapa namba moja na maji yatawapa nyingine. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni unga wa mtu. Zidisheni mara siku za mwaka. Swali hilo halihitaji basi wala tiketi, na mama atakayeulizwa matokeo jioni atasikiliza kwa makini kuliko mkaguzi yeyote wa wizara.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu mwaka 2025 kulikuwa na mzozo kama hesabu iwe ya lazima katika sekondari ya juu. Mwishowe Wizara ikaamua kila mwanafunzi ataisoma, lakini kwa namna mbili: nzito kwa wa njia ya sayansi na teknolojia, na ya msingi kwa wengine. Uamuzi wenyewe naukubali. Ninachokiogopa ni hiyo ya pili kugeuka kuwa hesabu ya walioshindwa, ile ile ya ubaoni ila imepunguzwa makali. Mwenye njia ya sanaa au ya jamii ndiye hasa atakayekutana na gorogoro, foleni, mikopo ya simu, na takwimu za wanasiasa. Akipewa hesabu ya kutoka nje na kupima, na kubishana, mimi sina shaka ataifanya kwa nguvu kuliko wale wa injinia.

Waalimu, mkitaka kuanza bila senti, kuna jaribio moja la karibu bure. Machi 20 au 21, na Septemba 22 au 23, jua la adhuhuri linapita juu ya ikweta. Siku hiyo Nanyuki fimbo iliyosimama wima karibu haina kivuli. Mombasa, fimbo ya mita moja inatoa kivuli cha sentimita 7 hivi, nacho kinakuwa kifupi kabisa kati ya saa sita na robo na saa sita na nusu. Sentimita 7 kwa mita ni pembe ya digrii 4. Digrii 4 zinaingia katika duara mara 90. Kutoka Mombasa kwenda kaskazini moja kwa moja hadi kwenye mstari wa ikweta, ramani inasema kilomita 450 hivi. Zidisha: kilomita 40,500, na mzunguko wa dunia nzima ni 40,000 na kidogo. Eratosthenes alifanya hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, bila simu. Nyinyi mnaweza kumpigia mwalimu wa Nanyuki kumuuliza kama kweli haoni kivuli.

Shule za Pwani, Voi, Nairobi, jaribuni mnitumie vipimo vyenu, nitaviweka vyote kwenye jedwali moja hapa, hata vilivyokwenda kombo. Wa Kisumu mtaniwia radhi, kivuli chenu ni milimita chache tu, mtahitaji fimbo ndefu kama nguzo ya stima.